Ndoo ya maji ya tope: kipi kinalipa, kipi kinakula fedha

Masika yakikolea, maji ya lambo kule Kishapu, Meatu au Bahi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kuanzia hapo ndoo ya lita 20 inakuwa na bei ambayo huioni kwenye foleni ya kuchota. Unaiona jikoni, kwenye mkaa, kwenye vidonge vya dawa ya maji vinavyoisha kabla ya mwezi kwisha, na kwenye chujio la laki moja lililoziba hata halijazoeleka nyumbani. Kila muuzaji anakutajia bei ya kitu chake. Bei ya ndoo hakuna anayekutajia, na hiyo ndiyo inayotoka mfukoni kila siku.

Basi tupige hesabu kwa ndoo. Nitachukulia familia inayotumia lita 20 kwa siku kunywa na kupikia; maji ya kufulia na kuogea hayamo. Bei za mkaa, gesi, shabu na vyombo nilizoweka humu ni za mfano, kwa kuwa bei ya Ilala si ya Maswa. Weka ya kwenu uone jibu linavyobadilika. Kiasi kinachohitajika kwa ndoo moja ndicho kisichobadilika sana, na hicho nimekitaja kwa uangalifu.

Kwanza tope lenyewe, maana ndilo linalopanga bei ya vingine vyote. Mchanga ukiwa ndani ya maji hushuka sentimita 10 kwa chini ya dakika moja. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa mikroni 2, yaani sehemu mbili za elfu za milimita, huchukua kama saa 8 kushuka umbali huo huo. Ile iliyo ndogo kuliko hiyo mara kumi huhitaji zaidi ya mwezi. Juu ya hayo, chembe za udongo zina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo zinasukumana badala ya kushikana. Ndiyo maana ndoo iliyolala usiku kucha inakutwa asubuhi ina matope mazito chini na maji yale yale ya rangi juu. Kuacha maji yatulie ni bure na kuna faida zake, nitazirudia, ila kwa maji ya lambo ya masika hakumalizi kazi.

Kazi zenyewe ni mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapopotezea fedha. Ya kwanza ni kuondoa tope, ya pili ni kuua vijidudu. Vitu vingi vinavyouzwa hufanya moja tu. Maji meupe yanaweza kukulaza na kipindupindu, na maji yaliyochemka yanaweza kubaki na tope lake lote. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yashuke chini ya NTU 1, hicho kikiwa kipimo cha wingi wa tope, ndipo dawa ya kuua vijidudu ifanye kazi vizuri. Ikishindikana, angalau yasizidi 5. Maji ya lambo au ya mto uliofurika huhesabika kwa mamia, pengine maelfu. Ukitia klorini humo, uchafu unaimeza dawa kabla haijafika kwa vijidudu, na vijidudu vingine vinajificha ndani ya chembe za udongo.

Kuchemsha ndiko kunakoaminika kuliko njia zote, na kwa upande wa kuua vijidudu imani hiyo ina haki yake. Maji yakitokota sawasawa, dakika moja inatosha. Zile dakika kumi au ishirini tulizozoea kuambiwa ni mkaa ulioungua bure. Hata hivyo hesabu inauma. Kupandisha lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunataka joto la megajuli 6.3. Kilo moja ya mkaa ina karibu megajuli 29, lakini jiko la kawaida la bati hufikisha kwenye sufuria kama moja ya tano tu ya joto hilo. Kwa hiyo ndoo moja inakula kilo nzima ya mkaa, na zaidi kidogo. Kama kilo kwenu ni shilingi 1,000, mwezi mmoja ni shilingi 30,000 zilizopanda moshi, na tope bado limo kwenye sufuria. Jiko sanifu linaweza kupunguza gharama hiyo karibu kwa nusu.

Gesi nayo, kwa jiko lisilovuja joto ovyo, hutumia kama robo kilo kwa ndoo. Mtungi mdogo wa kilo 6 utakupa ndoo 24 hivi. Ukiujaza kwa shilingi 24,000 unarudi pale pale, shilingi 1,000 kwa ndoo. Umeme ndio unaoshangaza watu: birika la umeme hupoteza joto kidogo sana, na ndoo nzima inamalizika kwa uniti 2. Kwa anayelipa shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 700, nafuu kuliko mkaa wa mfano wetu. Aliye kwenye daraja la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, anaonekana kupata nafuu kubwa zaidi, lakini ndoo moja kila siku ni uniti 60 kwa mwezi. Taa, simu na redio zikiongezeka anavuka kikomo na bei inabadilika.

Dawa ya maji ni nafuu mno ukilinganisha. Kidonge cha kawaida chenye miligramu 67 za dawa kimetengenezwa kwa lita 20 za maji meupe, na unasubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na ukungu kidogo, ushauri wa kawaida ni kuongeza dozi mara mbili. Hapo ndipo mtu mwenye ndoo ya tope zito anapokosea njia: anaweka viwili, harufu inakuwa kali, watoto wanayakataa, naye bado hana uhakika kama dawa imefanya kazi. Fedha ya kidonge cha pili ingetosha kuondoa tope na kumwachia baki.

Ukitaka kujua kama maji yako yamevuka mpaka, chukua chupa safi ya plastiki ya lita moja na nusu isiyo na lebo, ijaze, isimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti, kisha chungulia kutoka mdomoni hadi chini. Ukiweza kusoma herufi, tope lako liko chini ya NTU 30 hivi. Ukiona weusi mtupu, usihangaike na kidonge wala na jua. Kipimo hiki ndicho wanachotumia wanaosafisha maji kwa kuyaanika juani kwenye chupa kwa saa 6, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, njia ambayo haigharimu kitu ila chupa na subira. Kwa familia inayohitaji ndoo nzima, chupa zinakuwa nyingi, na masika yenyewe hayana jua la kutegemea. Itamfaa zaidi mwenye mtoto mmoja na maji ya kiangazi.

Sasa shabu. Kama kuna kitu kimoja katika orodha hii ambacho ningeanza nacho mahali penye tope zito, ni hicho. Ni yale mawe meupe ya kung'aa ambayo vinyozi hupaka mtu aliyekatwa na wembe, na yanapatikana kwa wauza dawa za asili na katika maduka ya viungo. Ndani yake mna alumini, ambayo ikiyeyuka majini inazima zile chaji hasi za udongo. Chembe zinaacha kusukumana, zinashikana, zinakuwa madonge yanayoonekana kwa jicho, kisha zinazama. Mitambo mikubwa ya maji ya mjini hutumia chumvi za alumini au za chuma kwa kazi hiyo hiyo.

Desturi ya kushika jiwe la shabu kwa mkono na kulizungusha ndani ya ndoo inafanya kazi, ila ni ya kubahatisha: leo imezidi, kesho imepungua. Pima mara moja, utajua kiasi cha maji yenu kwa wiki kadhaa. Saga gramu 10 za shabu, kama vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, uziyeyushe kwenye lita moja ya maji safi. Kila mililita moja ya maji hayo ya shabu ikitiwa kwenye lita moja ya maji ya tope inaweka miligramu 10. Kisha panga chupa tano za lita moja zenye maji ya lambo. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la shilingi mia chache duka la dawa, tia mililita 3 kwenye ya kwanza, 6 kwenye ya pili, 9, 12, na 15 kwenye ya mwisho. Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, halafu zipindue polepole, juu chini, kwa dakika tano hadi kumi. Ziweke mezani uzitazame.

Utazamaji huu ndio wenye thamani. Kwenye chupa yenye dozi ndogo mno hakuna kinachobadilika. Kwenye yenye dozi ya kutosha utaona vidonge vidogo vya tope vikianza kujitenga, katikati yake mkionekana maji meupe, na ndani ya nusu saa tabaka la kahawia limekaa chini. Chagua chupa yenye dozi ndogo kuliko zote zilizong'aa. Kama ni ile ya mililita 6, ndoo ya lita 20 inahitaji mililita 120, yaani gramu 1.2 za shabu. Zaidi ya hapo huongezi usafi: shabu huongeza uchachu wa maji, na maji laini ya mvua hayana uwezo mkubwa wa kuustahimili. Yakichachuka kupita kiasi madonge hayaundiki, na alumini nyingi inabaki imeyeyuka. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 0.2 kwa lita kuwa kiwango kinachoweza kufikiwa hata na mitambo midogo. Dozi iliyopimwa inakusogeza huko, ya kukisia inakutoa.

Gharama? Hata kama muuzaji atakukamua shilingi 2,000 kwa gramu 100, hizo ni ndoo 83. Ni shilingi 24 kwa ndoo. Ukipata alumini salfeti ya kusafishia maji kutoka kwa muuzaji wa kemikali za maji, gramu moja ina alumini nyingi zaidi kuliko shabu ya mawe, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo dozi inapungua. Usinunue ya viwandani isiyoandikwa kuwa ni ya maji ya kunywa. Nafuu ya shilingi chache haifai kuletewa metali usizozijua.

Maji yakishatulia, mimina ya juu taratibu kupitia kanga safi iliyokunjwa mara nne, kwenye ndoo nyingine yenye mfuniko na koki. Hapo ndipo unapotia kidonge kimoja, si viwili. Ukihesabu kidonge kwa shilingi 100, ndoo nzima imetoka kwa shilingi 124. Linganisha na shilingi 1,000 za mkaa zilizoacha tope mahali pake.

Mlonge unasifiwa sana, na sifa nyingine ni za kweli. Mbegu zake zina protini zenye chaji chanya zinazofanya kazi inayofanana na ya shabu. Wanawake wa Sudan kando ya Mto Nile walikuwa wakitumia mbegu za jamii hiyo zamani kabla mtafiti Mjerumani Samia Al Azharia Jahn hajaanza kuandika habari zake katika miaka ya 1970 na 1980. Huko Thyolo, Malawi, mapema miaka ya 1990, mlonge ulijaribiwa kwenye mtambo wa maji, na maji ya NTU 270 hadi 380 yalishuka chini ya 4. Hakuna ubishi kwamba unafanya kazi.

Swali langu ni la kazi ya mikono. Kiasi kinachopendekezwa kwa maji yenye tope kubwa sana, zaidi ya NTU 250, ni mbegu mbili kwa kila lita. Ndoo ya lita 20 ni mbegu 40: uzimenye zote, uondoe zilizooza, uzitwange ziwe unga mweupe, uukoroge kwenye maji kidogo, uchuje kwa kitambaa, kisha ndipo umimine kwenye ndoo, ukoroge haraka, ukoroge polepole, usubiri saa moja au mbili. Kila siku. Na maji yake hayakai: mabaki ya mbegu ni chakula cha bakteria, kwa hiyo yanywewe ndani ya saa 24, na dawa ya kuua vijidudu bado inahitajika. Mwenye miti mitatu uani na watoto waliofunga shule, mlonge hauna bei. Mwenye kununua mbegu mjini, ambako mlonge unauzwa kama dawa ya kila ugonjwa, atalipa kwa ndoo moja fedha ya shabu ya wiki nzima.

Zipo pakiti zinazofanya kazi zote mbili kwa pamoja. Inayojulikana zaidi ni ile ya gramu 4 ya P&G, iliyoitwa PUR hapo awali, yenye salfeti ya chuma ya kugandisha tope na klorini ya kuua vijidudu. Pakiti moja ni ya lita 10: unakoroga dakika 5, unaacha dakika 5, unachuja kwa kitambaa cha pamba, unasubiri dakika 20. Ni nzuri kuitazama ikifanya kazi, na nadhani hiyo ni sehemu ya ushawishi wake, kwani mtu haamini dawa isiyoonyesha kitu. Ilijaribiwa vijijini magharibi mwa Kenya, mahali pa maji ya tope, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuharisha kukipungua. Pamoja na hayo, klorini peke yake ilipunguza kuharisha katika jaribio hilo hilo, na bei yake ni tofauti sana. Pakiti ikiuzwa kwa senti 10 za Marekani, ambayo ni shilingi 250 hivi, ndoo ya lita 20 ni shilingi 500. Isitoshe, pakiti hizi mara nyingi hufika kwa njia ya misaada wakati wa mafuriko au kipindupindu, si kwenye duka la kijijini. Ukigawiwa, zitunze kwa siku mbaya. Kwa matumizi ya kila siku, shabu na kidonge vinakufikisha kule kule kwa robo ya fedha.

Machujio ndiyo yanayouzwa kwa maneno matamu kuliko vyote, na ndiyo yanayoumia zaidi kwa tope. Chujio la ndoo mbili lenye mishumaa ya kauri, kwa mfano la shilingi 100,000, likikupa lita 10 kwa siku kwa miaka miwili, ndoo ya lita 20 inasimama kwenye shilingi 274. Hesabu hiyo ni ya maji meupe. Kwa maji ya lambo mshumaa unaziba, unausugua kwa brashi, unapitisha, unaziba tena. Kila unaposugua, unaondoa kauri kidogo, hadi siku moja unakuwa mwembamba wa kupitisha vijidudu au unapasuka, na ufa wenyewe huenda usiuone. Yale ya nyuzi nyembamba zenye matundu, mfano LifeStraw Family, mtengenezaji huyahesabia lita 18,000. Likinunuliwa kwa shilingi 150,000, ndoo ni shilingi 167, bei nzuri kabisa, ilimradi kila siku mtu asukume maji nyuma kuondoa tope lililokwama. Nyumba isiyo na mtu wa kazi hiyo isilinunue.

Chujio la mchanga la zege, lile lililobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, lina hali yake. Linaweza kufyatuliwa na fundi wa kijijini, halina cha kubadilisha, linadumu miaka mingi, ila maji ya kuingia yasizidi NTU 50. Tabaka hai la juu linalokula vijidudu huchukua hadi siku 30 kukomaa, na ukilimwagia tope zito unaishia kulikoroga na kulisafisha kila mara, tabaka likaanza upya. Arusha kuna Nanofilter ya Dk. Askwar Hilonga, iliyomletea tuzo ya Afrika ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Nayo inatanguliza mchanga kabla ya vichujio vyake vingine, na hilo pekee linakuonyesha kwamba aliyeibuni aliliheshimu tope. Ushauri wangu kwa machujio yote ni mmoja: ng'arisha maji kwa shabu kwanza. Shilingi 24 kwa ndoo zitalinda kifaa cha laki.

Kutuliza maji nilisema nitakurudia. Vyungu vitatu, au ndoo tatu, vinavyozunguka ili kila maji yakae siku mbili kabla ya kunywewa, vinaondoa mchanga na matope mazito, kwa hiyo shabu inatumika kidogo. Kuna faida nyingine kwa kanda ya ziwa: viluwiluwi vya kichocho vikikaa zaidi ya siku moja bila kumpata mtu hupoteza nguvu ya kuambukiza. Hilo linakufaa zaidi kwa maji ya kuogea, kwani kichocho huingia kwa ngozi.

Njia iliyo nafuu kupita zote haiuzwi dukani. Ni kutochota tope. Kwenye makorongo ya Dodoma na Singida, na kule Kitui nchini Kenya, watu huchimba kwenye mchanga wa mto uliokauka na kupata maji meupe futi chache chini, kwa sababu mchanga wenyewe ni chujio. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwa kiwango kikubwa: Sabaki ni mto unaopaka bahari ya Malindi rangi ya kahawia kila mvua zinaponyesha bara, lakini maji ya Baricho yanayokwenda Malindi, Kilifi na Mombasa huvutwa kutoka kwenye visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya mto huo. Kijiji chenye lambo kinaweza kuchimba kisima cha pete za zege hatua kadhaa kutoka ukingoni, mchanga na kokoto zikiwa katikati, uzio ukizuia ng'ombe na birika lao la kunyweshea likiwekwa upande wa chini. Gharama ni pete, saruji na siku za kazi za watu, na ikigawanywa kwa kaya 50 kwa miaka kumi, bei ya ndoo inakuwa sarafu. Kidonge cha dawa bado kinahitajika, kwani mchanga hauzuii kila kitu.

Kama wa mkokoteni anapita na maji ya bomba, fanya hesabu yake pia. Dumu lake likizidi lile la lambo kwa shilingi 100 au chini ya hapo, mnunue yeye, weka kidonge, maliza habari. Likizidi kwa 300, shabu inashinda. Ila muulize ameteka wapi, na tumia kipimo cha gazeti kabla ya kumlipa; siku za mvua wapo wanaochota mtoni na kuuza kwa bei ya bomba.

Kaya kumi zinazoaminiana zinaweza kufanya kazi hii mara moja badala ya mara kumi. Simtank la lita 1,000 linahitaji gramu 60 za shabu kwa dozi ya mfano wetu, iyeyushwe kwanza kwenye ndoo, imiminwe huku maji yakiingia kwa kasi, kisha ikorogwe polepole kwa mti mrefu. Koki ikae sentimita 20 juu ya kitako, na bomba la kutolea mashapo liwe chini kabisa. Mashapo hayo yamwagwe shimoni mbali na kisima, yasirudishwe lamboni. Kinachovunja mipango ya namna hii ni zamu ya kusafisha tangi, si bei ya shabu, kwa hiyo andikeni zamu kabla ya kuchanga.

Yote haya ni kwa tope na vijidudu. Aliye chini ya mto wenye mialo ya dhahabu inayotumia zebaki, kama ilivyo sehemu za Geita na Chunya, au aliye kwenye ukanda wa floraidi wa Arusha na Manyara, asidanganywe na maji kung'aa. Kuchemsha hakuondoi zebaki wala floraidi, klorini vilevile, na gramu ya shabu kwenye ndoo haitoshi. Huko fedha ya mkaa ni afadhali iende kwenye mfereji wa bati na tangi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 40 mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, ukitoa moja ya tano inayopotea, linakupa lita 19,200. Ni ndoo 960, siku zote za mwaka na ziada, kama tangi lingeweza kuyahifadhi yote. Tangi la lita 5,000 litakupa siku 250 baada ya mvua ya mwisho, na maji yake hayahitaji shabu.